Unga wa Gabriel

Makote, Newala
Julai 1995

Kwako Mjomba Fortunatus,

Shikamoo, Mjomba. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Lulindi, na kwamba ule mguu uliokuzuia kuja umepata nafuu. Sisi huku hatujambo. Dada yako anakohoa kidogo asubuhi, ila shamba anakwenda, na mtama mwaka huu haukutuangusha. Yule mbuzi uliyetuachia amezaa pacha. Mama anakusalimu, na mwisho wa barua nitakupa maneno yake kama alivyoyasema, maana ameniapisha nisiongeze wala nisipunguze.

Bila shaka umesikia habari za siku ya kumbukumbu. Padri na Sheikh Sadallah walikubaliana kuzikusanya familia zote zilizopoteza watu kwa risasi. Tangu biashara ya korosho iachiwe huru na kila mwenye lori aje kununua, bunduki nazo zimezidi: za walinzi, za majambazi wa njiani, na magobore yetu wenyewe. Wakasema tukutane kwenye kiwanja cha ghala la zamani la ushirika, tusali, tuombe dua, kisha kila familia imwage unga wa mtama kwa ajili ya mtu wake kama walivyofanya wazee. Na mwenye gobore alilete kwa Safari mhunzi alivunje, asiulizwe kitu.

Unanijua, Mjomba. Mimi hata nikipewa chai ya bure huchungulia kwanza ndani ya kikombe. Niliposikia hakuna atakayeulizwa kitu, nikajua kuna mtu anatafuta pa kujifichia. Kisha nikasikia Edmund, yule mnunuzi wa korosho mtu wa bara, ametoa lori la kubebea wazee na mchele wa kulisha watu wote. Nikasema moyoni, mfanyabiashara hatoi mchele wote huo kwa kupenda dua. Mlinzi wake ndiye aliyekuwa na bunduki msimu ule ndugu yangu Gabriel alipouawa. Na wewe mwenyewe siku ya mazishi ulinishika bega ukaniambia nisiwatazame watu wa hapa, niwatazame wenye malori. Neno lako nililishika.

Unajua tulivyoishi tangu hapo. Gabriel aliokotwa pembeni mwa mikorosho, karibu na njia ya malori, na watu wakamaliza kesi wenyewe: alikuwa anaiba korosho, mlinzi akampiga. Polisi walikuja, wakaandika, wakaondoka. Kwenye foleni ya maji wanawake walikuwa wakishusha sauti Mama akifika. Yeye akawa anaulizia beseni lake la bluu, lile lenye kiraka. Kila siku beseni. Sisi tukadhani msiba umemwingia kichwani.

Basi siku ikafika. Sala na dua zilikwenda vizuri, sina la kusema. Siti, yule ambaye mume wake alipigwa risasi na majambazi akiwa juu ya magunia njia ya Masasi, alitangulia. Mjomba wa marehemu akautwaa ungo, akamtaja kwa jina, akataja kilichomuua, akamwaga unga chini. Siti alilia mpaka akakauka. Baadaye nikamwona anakula wali kwa mkono wake, mbele za watu, akimcheka mwanawe aliyejipaka mchuzi. Tangu awe mjane sikuwahi kumwona hivyo.

Ikaja zamu yetu. Mama alikuwa ameupakata ungo, na kwa mila mtu wa kuumwaga unga ni mjomba, yaani wewe. Wazee wakauliza kama mwingine wa ukoo anaweza kukushikia nafasi. Mama akakataa, akasema mwanangu ana mjomba na mjomba yuko hai. Hapo nikapandwa na hasira, na macho yangu yakaangukia kwa Edmund, aliyeketi mbele kabisa kama mgeni wa heshima. Nikasimama. Nikamwambia mbele ya wote kwamba mchele wake hautapita kooni kwangu mpaka aseme ni yupi kati ya walinzi wake aliyemuua ndugu yangu.

Edmund alivua kofia. Akasema polepole kwamba alikuwa na mlinzi mmoja tu, na siku ile walikuwa wote Mtwara wakipeleka korosho, na bunduki walikuwa nayo, na polisi walilithibitisha. Akasema wiki ileile ya msiba alikuja kukueleza wewe, mkubwa wa ukoo, akakuomba utufikishie. Mimi nikaketi nikimwona mwongo tu. Ningewezaje kuamini kwamba ulikuwa na neno kama hilo usitupe?

Safari alikuwa ameanza kupokea magobore wakati Mama Agatha alipotokea. Tulifurahi, tukajua umemtuma mkeo alete salamu. Lakini mkaza mjomba hakumsalimu mtu. Kichwani alibeba beseni la bluu lenye kiraka, na kwapani kitu kirefu kilichoviringishwa kwenye mkeka. Akakiweka miguuni kwa Safari. Safari akafungua.

Mjomba, lile gobore la babu hakuna asiyelijua. Kitako chake babu alikichonga chale kama zilezile zilizokuwa usoni kwake. Ndilo ulilotuambia limeibwa ulipokwenda Lisekese kabla Gabriel hajafa.

Mama Agatha akapiga magoti mbele ya Mama, akaweka beseni chini, akasema yote. Kwamba jioni ile ulikwenda kuwavizia nguruwe wanaokuja kula mabibo, yale matunda ya mkorosho yaliyoanguka. Kwamba uliona kitu kimeinama chini ya mikorosho, kinachakura kwenye majani, ukapiga. Na aliyeinama alikuwa Gabriel, anaokota mabibo ya kukamulia uraka, ile pombe ya Mama. Beseni lilikuwa limejaa mabibo, hamna korosho hata moja. Ukayamwaga, ukaondoka na beseni. Mama Agatha alilikuta juu darini, nyuma ya gobore, wiki ile ulipomwambia mguu wako hauwezi safari. Alipokubana, ukakiri. Anasema ulilia kama mtoto, kisha ukamkataza kusema.

Nilikwenda kwa Edmund kumwomba radhi. Akaniambia tu kwamba hata yeye angeshuku.

Sasa nikuambie la kwangu. Kumdhania mtu nguruwe kwenye giza la jioni, hilo naweza kulielewa. Wengi wamekoswakoswa hivyo. Lakini kumwacha aitwe mwizi, na kunishika bega ukanigeuza shingo nitazame malori, hilo sijui nilitie wapi. Nimekuchukia, Mjomba, nakwambia wazi. Na kila nikikuchukia nakumbuka aliyenifundisha kuendesha baiskeli ni wewe.

Mama hakulia. Alilishika lile beseni, akapitisha kidole kwenye kiraka, kisha akaufunika unga kwa kanga yake. Maneno yake ni haya: "Mwambie kaka yangu unga ninao. Ukiingia wadudu nitatwanga mwingine. Aje na mguu wake huohuo, asimame pale kiwanjani, amtaje mpwa wake kwa jina, aseme kilichomuua, aseme mtoto alikuwa anaokota mabibo ya mama yake. Akishasema, mimi nitampa maji ya kunawa, tule."

Mimi ningechagua maneno mengine, ila nimeapa.

Magobore mengine yote Safari ameyavunja. La babu bado liko kwake, anasema atalivunja siku utakayoshika nyundo pamoja naye. Mama Agatha yuko kwetu, analala chumba cha Gabriel, na Mama hataki mtu amseme vibaya. Jana walikuwa wanapepeta mtama pamoja, kimya, lakini pamoja.

Wasalimie majirani zako, na Agatha akija toka shuleni mwambie mama yake hajambo. Barua ya kunijibu usiandike, Mjomba. Ukiandika, nitaitilia shaka. Njoo.

Ni mimi mpwa wako, dada yake Gabriel,
Theodora