Majani Juu ya Mgunga

Milimani, juu ya Tiwi
3 Agosti 2024

Kwa Baba,

Shikamoo. Mimi na Anuari tu wazima, hofu ni kwako, kwa shangazi Shukriya na kwa dada Hadiya, anayekusomea haya kwenye simu yake. Huku simu haishiki mpaka upande kilima kizima, kwa hiyo naandika chini na kutuma juu.

Tajiri wangu, Mzee Hashil wa Ibra, ni Mwarabu wa huku aliyezaliwa Unguja na bado anawakumbuka wasasi wa huko na mawindo yao. Basi kawatambia shemeji zake kuwa shambani kwake ana mtoto wa msasi. Shemeji zake wanasumbuliwa na punda. Magari yalipokuja watu waliwaachilia punda wao, wakazaliana, sasa ni wa mwitu, wanamaliza majani ya mifugo. Watu watakuja na nyavu kuwakamata. Mimi na Anuari tumetangulizwa siku kumi kuipeleleza nchi.

Baba, nchi yenyewe ni mawe. Hakuna hata kichaka cha kuvunjia tawi uweke alama. Lakini tumekipata kidimbwi wanachonywea, na nyayo, na mavi ya jana. Muhanna, shemeji wa tajiri, alituonyesha kibanda cha mawe juu ili tulale humo. Ni cha moto kama tanuri na kiko mbali na kidimbwi. Chini kuna bonde kavu, wenyewe wanaliita wadi, lina mchanga laini na migunga mitatu yenye kivuli. Juu ya matawi, kupita kichwa changu, kumenasa majani makavu na makuti. Nadhani wenyeji wameyatundika mbuzi wasiyafikie. Anuari anasema labda ni viota. Nimemcheka mpaka kanuna.

Tulale wapi, baba? Kibandani au mchangani?

Mwanao,
Ngwali


Muyuni
5 Agosti 2024

Mwanangu Ngwali,

Marahaba. Sisi wazima, ila goti langu ni lile lile. Mimi nasema, Hadiya anaandika.

Suala lako limenifurahisha, nimejiona kijana. Lala mchangani. Humpati mnyama kwa kulala mbali na maji yake, na ukikaa juu upepo utampelekea harufu yako. Bondeni umejificha. Na hayo majani ndiyo yamenimalizia shaka, maana mtu hatundiki chakula cha mbuzi wake mahali pabaya. Wenyeji wanapaamini hapo, nawe paamini.

Anuari asikubishie. Mpelelezi ndiye anayechagua pa kulala na wengine wanamfuata, ndivyo tulivyokuwa tukifanya sisi. Shangazi yako anasema mwanawe huyo ni mmoja tu, avae kofia juani.

Baba yako


Muyuni
13 Agosti 2024

Mwanangu,

Hujambo? Siku nane hujajibu. Hadiya ananiambia barua yangu uliipata, imeonyesha kwenye simu. Ya Anuari haipatikani kabisa. Shangazi yako anakuja kila baada ya alasiri, anakaa hapa barazani. Namwambia mpo mawindoni na huko simu hazishiki. Niandikie hata neno moja nimpe.

Baba yako


Ibra
18 Agosti 2024

Kwa Baba,

Shikamoo. Mimi mzima. Natamani nisingeweza kuandika hivyo.

Anuari amechukuliwa na maji tarehe saba, baada ya adhuhuri. Tulikuwa tumekula, akajilaza chini ya mgunga. Mimi nikapanda kilima kukutumia shukrani. Jua kali, mbingu nyeupe, halikudondoka hata tone. Kumbe mvua ilikuwa imenyesha upande wa pili wa mlima, mbali huko hata wingu lake sikuliona. Nilisikia ngurumo, nikadhani lori. Kisha wadi yote ikaja, rangi ya matope, na mawe ndani yake. Kwetu maji huja na wingu lake, baba. Mimi sikujua kuwa kuna nchi yanakuja peke yake.

Mama mmoja mchungaji, Bi Amna, ndiye aliyenikuta. Nilimwonyesha yale majani juu ya mti, nikamuuliza mwenyewe nani. Akanitazama kama mtu aliyepungukiwa na akili. Hakuna aliyeyatundika. Yaliachwa na maji ya mwaka wa nyuma. Ndiyo kimo chake, yameandikwa pale, mtoto wa huku anayasoma.

Mzee Hashil alitaka kukupigia siku ile ile. Nilimwomba asubiri nimpate Anuari kwanza, na sijampata. Nimeishuka wadi ile kila siku mpaka jana, kama ulivyonifunza wewe, nyayo, kitambaa, ndege wanaozunguka. Niambie ni wapi kwingine nitafute.

Ngwali


Muyuni
21 Agosti 2024

Mwanangu Ngwali,

Hadiya ameshindwa kuandika haya kwa kulia. Nimeandika mwenyewe kwenye karatasi, yeye amepiga picha.

Unaniuliza pa kutafuta. Usiniulize. Yote ninayoyajua ni ya msitu huu wa kwetu, nami nikakuongoza nchi ambayo sijapata hata kuiota, kwa sababu nilipenda kuulizwa. Muulize Bi Amna. Muulize Muhanna. Wakikwambia kaa, kaa.

Shangazi yako nimemwambia yote. Nimemsomea na barua yangu ya tarehe tano, neno kwa neno, ajue ni nani aliyewalaza pale. Hakulia wala hakunitukana. Bado ananiletea uji asubuhi kama alivyozoea tangu mama yako afariki, ila anauweka kizingitini na kuondoka. Siunywi, siwezi, na kuurudisha siwezi.

Jana alisimama pale mlangoni akaniuliza jambo moja tu. Alikuwa amelala? Wewe ulikuwa juu, ulimwona. Nijibu, mwanangu, sina kingine cha kumpa.

Baba yako


Tiwi
2 Septemba 2024

Kwa Baba,

Shikamoo. Hadiya, hii mpe baba aisome mwenyewe, wewe usiisome.

Tumempata juzi. Ni Bi Amna aliyejua maji huacha wapi yanachochukua. Watu wa Tiwi wamemwosha, wakamkafini na kumzika kama mtoto wao. Mzee Hashil alilia kwa Kiswahili. Nyavu zimerudishwa ghalani na punda wako pale pale, leo nimewaona wakinywa.

Kuhusu shangazi. Nilipoyaona maji nilipiga kelele mpaka koo likakauka. Anuari aliamka. Alikaa, akatazama juu, akaniona nikipunga mikono yote miwili. Alidhani namsalimia, labda namwashiria kuwa barua imekwenda. Akatabasamu, baba, akavua kofia na kunipungia nayo. Hakugeuka nyuma hata mara moja.

Mwambie shangazi alikuwa amelala.

Ngwali