Mzee wa Kijapani Sebuleni

Jumanne, Al-Naseem

Eti mimi ndiye niliyeitwa kuitundika sebuleni! Picha kubwa kama mlango, ya mzee wa Kijapani akifagia majani bustanini. Madam, mwajiri wangu huku ughaibuni, aliipiga mwenyewe, kwenye ile safari ya siku tisa aliyokwenda na wenzake kufundishwa kupiga picha za bustani huko Japani.

"Daudi, hebu itazame hiyo mikono," akaniambia, machozi yakimlengalenga. Eti kiongozi wao aliwakalisha kimya saa nzima wakimtazama mzee akifagia, waione heshima ya kazi.

Saa nzima! Mimi huu mwaka wa nne naufagia ua wake kila asubuhi kabla sijashika usukani, na sijatazamwa hata dakika. Jana tu alikuwa akiupiga picha mkomamanga wake, akanipungia mkono: "Daudi, yalla, haraka, toka hapo, unaniharibia picha."

Nikaitundika. Nikasema mzee amependeza, maana likizo yangu bado hajaikubali, na binti yangu huniuliza kila Jumapili narudi lini.

Kesho nitaufagia ule mchanga wa uani polepole, kama yule mzee. Tuone kama madam ataleta kamera.