Mbona Walipeana Mkono

Kaka yangu Rama,

Sikuulizi hali, huko uliko huwezi kunijibu. Nimekuombea dua asubuhi, kisha nimekaa na ubao wako wa sataranji, na nina hasira nawe.

Unakumbuka tulivyouanza mchezo ule? Kila Jumatatu na Alhamisi tulitoka hapa Kinondo kwenda Msambweni, wewe ulale kando ya mashine ikusafishe damu kwa kuwa figo zimegoma, mie nikae kwenye kiti cha plastiki na ubao mapajani. Simuni mwako mlikuwa na mchezo wa magwiji wawili wa dunia, uliokwisha sare. Ukanikataza kutazama mbele. "Hatua kwa hatua, Mwanasha. Kila kete tuiulize kwa nini imekwenda."

Mie mweupe, wewe mweusi. Mweupe alipotoa farasi mapema nilisema ana pupa. Ukasema hapana, anampisha mfalme apate njia ya kwenda kujificha pembeni. Malkia walipolana katikati ya ubao nikapiga kelele, "Loo! Utamu umekwisha!" Ukanitazama kwa macho yale yaliyovimba. "Sasa ndio kwanza unaanza. Hapa mweusi keshajua hawezi kushinda. Anatafuta asishindwe, basi."

Siku tuliyofika mwisho, Mjomba Bakari alikuwa ametusindikiza. Mweupe kabaki na mfalme, ngome na askari mmoja. Mweusi ana mfalme na ngome tu. Magwiji wakapeana mkono. Mjomba, mtu wa bao tangu ujana wake, akazihesabu kete kwa kidole.

"Tatu kwa mbili! Mweupe kashinda huyu, mbona wanapeana mkono? Kwenye bao mtu lazima afungwe!"

Ulicheka mpaka mashine ikalia na muuguzi akaja mbio. Kisha ukamwonyesha polepole: ngome ya mweusi imekaa kwenye mstari wake, imemzibia mfalme wa mweupe asipite. Askari akisogea mbele, ngome inakimbilia nyuma kabisa ya mweupe na kumtisha mfalme, imtishe tena, na tena, na hana pa kujificha.

"Hafi huyu mweusi, Mjomba," ulisema. "Kama mie na mashine yangu."

Wallahi siku ile nilirudi nyumbani nimefurahi. Nilikuwa nakukunjia shuka jioni uliponiambia, "Lakini yule alipewa mkono, Mwanasha. Maradhi haya hayanipi mkono. Nitatisha mpaka lini? Nimechoka." Nikadhani ni uchovu wa safari.

Alhamisi ukakataa kutoka. Mama alikushika miguu. Mie nilikulilia, nikakutukana, nikakuomba radhi, nikakulilia tena. Ukasema waziwazi huendi, na hukwenda. Haikuchukua muda.

Watu wananiambia ni kadari, na mie sibishani na Mungu. Nabishana na wewe. Tangu arubaini ipite sina kazi nyingine jioni ila kuupanga mwisho ule na kuucheza upande wako. Nimempeleka mfalme wa mweupe kulia, nimempeleka kushoto. Askari nimemsogeza mapema, nimemchelewesha. Nimeogopa kwamba pengine uliona kitu nisichokiona mie, hatua fulani ya mweupe iliyojificha, ukajua huna njia. Nikamwita Mjomba ashike mweupe. Hatanii tena siku hizi. Aliinamia ubao, akacheza kama mtu anayetaka kuua kweli, mpaka mwadhini akaadhini magharibi. Hakuweza. Alipoinuka alinishika kichwa, akaenda zake.

Mama haniulizi ninafanya nini. Ananiwekea chai, inapoa, anaiondoa.

Nimemaliza njia zote, Kaka. Kila mara mweusi anapona. Zamu ilikuwa yako, na hukucheza.

Bado sijakusamehe. Mungu akulaze pema.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Mwanasha