Jibu la Barua ya Radhi

Karama, Dubai
4 Machi 2007

Binamu Rogers,

Nakusalimu kwa heshima. Mke wangu Edna amejifungua salama, na joto limeanza mapema.

Unakumbuka tulipojifunza urubani jeshini? Niliporuka peke yangu mara ya kwanza, mkufunzi alinikata shati mgongoni, kama ilivyo desturi ya marubani. Kesho yake ulitua vibaya, ukavunja gurudumu la ndege, ukamwambia, "Afande, Kasian ndiye aliyeirudisha hivi." Mimi nikafukuzwa, wewe ukavishwa mabawa ya urubani.

Sasa mimi ni karani wa ajira katika shirika la ndege. Jana bosi alinikabidhi maombi yako ya kazi ya urubani.

"Unamfahamu huyu?"

"Vizuri sana, sir."

Uniwie radhi kwa kuchelewa kuijibu barua yako ya 1991, ulimokiri uongo ule. Nimeiambatisha kwenye maombi yako.

Nduguyo,
Kasian