Gemu la Zuberi

Kilosa

Kaka Salehe,

Shikamoo. Sisi wazima, na mahindi yameanza kubeba.

Alhamisi tulianua matanga ya mdogo wetu Zuberi. Baba mdogo aligawa nguo za marehemu, ndipo wenzake Zuberi wa banda la gemu wakauliza gemu lake analirithi nani. Kadi ya kuhifadhia mchezo hawana, na mashine ikizimwa yote yanafutika, hivyo tangu alazwe hawakuizima. Mtu wake wa kwenye gemu alikuwa bado kasimama mlangoni pa pango, anakusubiri wewe, kama mlivyoahidiana kuingia pamoja. Nikasema ni lako, lisiguswe.

Jana umeme ulikatika. Wameanza upya, wanabishania njia zilezile. Mimi nakaa naangalia tu.

Huko kwako Mikumi si mbali, kaka.

Mdogo wako,
Joha