Maelezo Kuhusu Skrini Iliyovunjwa Laini ya Pili

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: Rahab Nduta Muturi
Umri: Miaka 31
Kazi: Karani wa mawasiliano, kiwanda cha minofu ya samaki
Makazi: Manyatta, Kisumu
Yameandikwa tarehe 18/06/2025, saa nne asubuhi, na Koplo Naswa

Mimi ndiye mwenye majina yaliyo hapo juu. Meneja wetu, Bw. Mathews, amenituma nije niseme Atieno alivunja skrini, nitie sahihi, nirudi kazini. Ni kweli aliivunja. Lakini mimi sisemi nusu. Koplo, andika yote ama usiandike kitu.

Kiwandani tuko na skrini saba, na zote naziendesha mimi kutoka kwa kompyuta yangu. Ndani ya laini za kukatia samaki simu haziingii, zinaachwa kwa kabati pale geti, na kwa sababu ya kelele za mashine watu wameziba masikio. Kwa hivyo mfanyakazi akitakikana, naandika jina lake, anatoka. Kuna siku paka aliingia chumba cha barafu nikaandika, na kwa dakika moja watu mia mbili walikuwa wanajua. Sheria ni moja tu: hakuna kitu kinapanda kwa skrini kabla Bw. Mathews hajakubali.

Mnamo tarehe 17/06/2025, saa tatu na dakika thelathini na tano asubuhi, simu ya ofisi ililia. Alikuwa mamake Atieno, akipiga kutoka hospitali. Atieno anakata minofu laini ya pili, anaishi Obunga, na mtoto wake ni mmoja, Lorine, wa miaka minane, mwenye sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kuzaliwa nao. Mama huyo alisema, "Mtoto amezidiwa. Anamwita mamake. Mwambie aje sasa hivi." Kutoka kiwandani hadi hospitali kwa pikipiki ni dakika kumi.

Niliandika: ATIENO, LAINI YA PILI, FIKA OFISINI. Nikamwita Bw. Mathews aione. Siku hiyo tulikuwa na wageni, wakaguzi waliotumwa na wanunuzi wa ng'ambo. Akasema, "Futa. Hakuna mtu anatoka laini wageni wakiwa ndani. Mtoto si ako na nyanyake." Nikafuta. Akaniambia niandike KARIBUNI WAGENI WETU. Nikaandika, na hata picha ya maua nikaweka.

Kutoka mezani kwangu hadi laini ya pili ni hatua arobaini. Ningeenda nimguse bega tu. Niliogopa kufutwa kazi. Naona haya kusema hivyo mbele yako, lakini ndio ukweli.

Saa nne na dakika ishirini yule mama alipiga tena. Nikamdanganya, "Tunamtafuta, mama." Saa sita kasoro dakika kumi alipiga mara ya tatu. Alisema, "Msimtafute tena. Lorine ameenda," akakata simu.

Nilimwambia Bw. Mathews huku nalia. Akasema nitayarishe rambirambi, ipande saa nane shifti ikitoka, watu waone kampuni inajali. Nikamuuliza nani atamwambia Atieno kwanza. Akasema, "Si skrini itamwambia."

Mimi kwetu ni Nyeri, lakini nimeishi Kisumu miaka kumi na moja. Hapa mtu akifiwa hatupiwi habari hivyo. Watu wake wanaitwa, anapelekwa nyumbani, anakalishwa chini, ndio anaambiwa. Bw. Mathews ni mzaliwa wa huku huku, Bondo, hilo analijua kunishinda. Na mimi nilijua, na bado nikaandika.

Saa nane kamili rambirambi ilipanda, pamoja na picha ya Atieno kutoka faili yake. Mahali hapo pa picha ndipo huwa naweka mfanyakazi bora wa wiki. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilimwona Atieno akiinua kichwa, akaona sura yake, akatabasamu. Alirekebisha kofia. Hata alimgusa mwenzake aangalie. Kisha akasoma.

Hakupiga kelele. Alichukua trei ya chuma akaipiga skrini mara tatu ama nne. Bw. Mathews alikimbia kumshika, kipande cha kioo kikamkata juu ya jicho. Anayesema Atieno alimvamia ni mwongo, na aje aniambie mimi usoni. Polisi walimchukua saa nane na nusu akiwa bado amevaa aproni. Mwili wa mtoto hajauona mpaka sasa.

Leo nikipita selo kuja hapa, aliniita. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Rahab, mtoto wangu aliniita?" Nikamwambia hapana, alienda akiwa usingizini. Akanishukuru.

Nimesema haya yote ndio aachiliwe. Ndiyo niliyoyaona, na ndiyo niliyoyafanya kwa mikono yangu. Nimesomewa, ni ya kweli, na hakuna aliyenilazimisha.

Sahihi: R. N. Muturi

Maandishi ya afisa: Nimeyaandika mimi mwenyewe, nikamsomea shahidi kwa Kiswahili, akatia sahihi mbele yangu saa tano na dakika kumi. Baada ya sahihi, shahidi aliomba maneno ya simu ya kwanza yaondolewe, mshukiwa asiyasikie. Nilimweleza kwamba bila maneno hayo maelezo hayamsaidii mshukiwa, na kwamba mshukiwa atapewa nakala kabla ya kesi. Shahidi akasema yaachwe.

Koplo Naswa