Rafiki zake Baba wa manowarini

Khawla, tumerudi kutoka bandarini sasa hivi.

Unajua Baba anavyojisifu kwa vita vya Ghuba vya tisini na moja, alivyokuwa mkalimani kwenye manowari ya Wamarekani ya kubeba ndege. Leo wenzake wa humo, wazee sasa, wameshuka na meli ya watalii. Baba kapiga pasi kanzu mpya, kanichukua twende kuwapokea.

Mmoja akamtazama, akacheka. "Si huyu tuliyemfungia kwenye chumba cha barafu? Alilia, akimwita mamake."

Alimwita mamake, Khawla. Mzee yule kasema mbele yangu.

Wakacheka wote. Na Baba akacheka nao, mpaka walipoondoka.

Nyumbani Mama kamuuliza, "Wamekukumbuka?"

"Wote," kasema. Akaenda kuvua kanzu.